Wahitimu Wasiopatikana

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, na mradi mpya umeanza leo hiyohiyo, kwa hiyo nimefungua daftari. Nikisubiri nipate nafasi ndiyo niandike, nitazeeka.

Mradi wenyewe ni huu. Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikilipa nusu ya ada kwa watu wazima wanaosomea shahada jioni katika tawi la chuo kikuu, lile jengo la zamani nyuma ya stendi. Sasa wizara inauliza fedha hizo zinaleta faida gani. Kituo chetu cha utafiti kimepewa kazi ya kujibu, na mkurugenzi amenikabidhi mimi. Tutawapigia simu wahitimu wa tawi, na wahitimu wa kampasi kuu waliosoma mchana, tuwaulize wana kazi gani na inawalipaje, kisha tulinganishe. Wizara inataka jibu kabla ya kupanga bajeti.

Mkurugenzi tunamwita Bwana Ukurasa Mmoja kwa sababu hajawahi kufika wa pili. Ameuliza kikaoni kama kuna mwenye ndugu pale tawini. Nimenyoosha mkono, nikasema wifi yangu, mke wa kaka, yuko mwaka wa pili na amebakiza mmoja.

"Basi utakuwa mkali mara mbili," akasema. "Nakufahamu wewe."

Watu wakacheka. Mimi nikavimba kichwa, maana ni kweli. Sina upendeleo, na napenda ijulikane hivyo.

Jumatano, 6 Machi

Wahojaji wameanza kupiga simu. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kila mhitimu anapigiwa mara tatu, asipopatikana anawekwa kando. Ratiba nimeipanga mwenyewe na imenyooka.

Jioni nimeshinda na mtoto. Ndivyo ilivyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za masomo ya wifi. Kaka yuko kwenye ujenzi wa barabara huko mbali, anaonekana mwisho wa mwezi, kwa hiyo yaya ni mimi. Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti tu. Akipata shahada atapanda daraja na kufundisha sekondari, jambo analoliota tangu aolewe katika nyumba hii. Amebandika karatasi za masomo kwenye mlango wa kabati la vyombo ili asome akikoroga uji. Leo amerudi amelowa, akala amesimama, akalala na soksi. Sijui kama watu wa namna hii wanajifunza kitu au wanajichosha tu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo si zamu yangu ya mtoto, nimebaki ofisini kupanga majedwali. Chumba cha wahojaji kiko upande wa pili wa ukuta wa mbao, na wakiondoka saa kumi hufungwa. Tangu saa kumi na moja simu humo ndani imelia, ikakatika, ikalia tena. Mtu hawezi kufikiri.

Jumatatu, 11 Machi

Mtoto amepata homa shuleni kwake. Mwalimu wake wa darasa la awali amempigia mama yake, hakupata kitu, akanipigia mimi. Nami nimempigia wifi njia nzima kuelekea zahanati, na tukiwa kwenye foleni, na kwa daktari. Kumpigia wifi mchana ni sawa na kulipigia jiwe. Saa kumi na dakika chache ndipo akarudisha simu, roho mkononi.

"Wifi, nisamehe. Unajua simu zetu zinakaa kwenye droo ya mwalimu mkuu mpaka watoto watoke."

"Najua mimi," nikamwambia. "Mtoto hajui."

Alikuja mbio, akambeba, na darasani hakwenda. Homa imeshuka. Nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini ningeweza kuyameza yale maneno.

Jumanne, 12 Machi

Simu ya nyuma ya ukuta imelia tena jioni nzima, na mvua juu yake.

Alhamisi, 14 Machi

Msimamizi wa wahojaji, mama mmoja mpole anayefuma kitambaa kati ya simu na simu, amenifuata mezani.

"Dada, wengi hawapokei. Hasa wale wa tawi. Hatuwezi kujaribu na jioni kidogo?"

"Mkataba wenu unaisha saa kumi, mama."

"Wahojaji wako tayari kubaki."

"Na mimi nitawalipa nini? Mtu mwenye kazi yake anashindwaje kupokea simu dakika tano? Tuendelee na ratiba."

Akasema sawa, akarudi kwenye kitambaa chake. Nilijua akilini kwamba wasiopokea wa tawi ni wengi kuliko wasiopokea wa kampasi kuu. Nilijua pia kwamba nikianza kuwatafutia wa tawi muda maalumu, kuna mtu atasema namtengenezea wifi yangu njia. Nikaona bora lawama ije kutoka upande wa pili.

Saa kumi na moja simu ikaanza. Nimeomba ufunguo kwa mlinzi, nikaingia, nikachomoa waya mkuu ukutani. Nimewabandikia na karatasi mlangoni: mkiondoka, chomoeni. Jioni yote nimefanya kazi kwa utulivu, sikumbuki lini niliandika vizuri hivyo.

Ijumaa, 22 Machi

Wahojaji wamemaliza. Tumewapata zaidi kidogo ya nusu. Si mbaya.

Jumatano, 27 Machi

Majibu yametoka, na yametoka wazi kabisa. Katika wahitimu wa kampasi kuu tuliowapata, wanane kati ya kumi wana kazi. Wa tawi, wanne. Nimerudia hesabu, nikabadilisha umri, nikatenganisha wanawake na wanaume, pengo liko palepale.

Nimefurahi. Ninaona haya kidogo kuandika hivyo, lakini mtu wa kazi yangu anaweza kukaa mwaka mzima asipate jibu lililonyooka namna hii. Kuhusu wale wasiopatikana nimeandika sentensi moja kwenye kiambatisho: wanachukuliwa kuwa wanafanana na waliopatikana. Kila mtu huandika hivyo.

Wifi ameniuliza usiku huu mbona nina furaha. Nimemwambia kazi imekwenda vizuri. Akasema, "Hongera wifi, na mimi siku moja nikwambie hivyo," akarudi kwenye mlango wake wa kabati.

Jumanne, 9 Aprili

Ripoti imekwenda wizarani. Mkurugenzi amesoma ukurasa mmoja, akanipa mkono mbele za watu.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki. Mtoto amejifunza kuandika jina lake na ameliandika ukutani.

Jumanne, 23 Aprili

Nimechelewa kurudi, lakini lazima niandike leo.

Mradi mwingine unaanza kesho, kwa hiyo mchana fundi amerudishia waya wa simu kwenye chumba cha wahojaji. Mimi nilikuwa nimebaki kusahihisha karatasi za wanafunzi wa mazoezi ninaowasimamia kituoni. Saa kumi na moja na nusu simu ikalia. Mlango safari hii ulikuwa wazi. Nikaenda kupokea ili ninyamazishe kelele, si kwa wema.

"Haloo, ni chuo hapo?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za barabarani.

"Ni kituo cha utafiti. Naongea na nani?"

"Mimi ni mwalimu. Mwezi wa tatu mlinipigia mchana, mara tatu. Simu nilikuwa nimeiacha ofisini. Nimekuwa nikirudisha kila nikikumbuka nikitoka kazini, inalia tu, siku nyingine hailii kabisa. Nikafikiri ni habari ya cheti changu cha shahada, mpaka leo sijakipata."

"Ulisoma wapi?"

"Pale tawini, jioni."

"Na kazi unayo?"

"Si ndiyo nakwambia natoka kazini, mama."

Nilimuuliza maswali yote ya dodoso nikiwa nimesimama. Ni makamu wa mwalimu mkuu sasa. Alipandishwa daraja mwaka uleule aliohitimu. Alijibu vizuri, akaniomba nimkumbushie cheti chake, nikamwambia sisi hatuhusiki na vyeti. Akasema haya, usiku mwema.

Nikakaa kwenye kiti cha mhojaji, nikashika tama. Sikuhitaji kufikiri sana. Wahitimu wa kampasi kuu wako maofisini na simu ziko mezani kwao. Ukiwapigia saa nne wanapokea wakinywa chai. Wa tawi ni walimu, wauguzi, wapokezi wa wagonjwa, mafundi wa mitambo, watu waliokuwa na kazi tangu wanasoma na ndiyo maana walisoma jioni. Simu zao ziko kwenye droo. Anayepokea simu ya mchana katika hao ni yule asiye na kazi ya kumzuia. Tuliwauliza watu saa za kazi kama wana kazi, tukaandika majibu ya wale waliokuwa nyumbani. Wengine walirudisha simu jioni baada ya jioni. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta, na nilichomoa waya.

Kinachoniuma kuliko vyote si hicho. Kinachoniuma ni kwamba nilijua. Hakuna mtu katika jengo lile aliyejua kuliko mimi kwamba mwalimu hapatikani kabla ya saa kumi. Nilimfokea wifi kwa jambo hilohilo, Jumatatu, na Alhamisi ya wiki ileile nikamwambia msimamizi kwamba mwenye kazi hashindwi kupokea simu. Vitu viwili hivi vilikaa kichwani mwangu siku tatu bila kukutana. Au vilikutana nikavitenganisha, nisije nikaonekana nampendelea wifi. Nilijivunia ukali wangu, na ukali huo ndio ulionifumba macho.

Nikachukua majina ya wasiopatikana, nikaanza kupiga mwenyewe. Mpaka kufikia saa ya mlinzi kufunga, nilikuwa nimeongea na karibu thelathini. Walipokea kwa furaha, wengine wakiwa jikoni, mmoja akiwa anamwogesha mtoto. Waliokuwa hawana kazi niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kikabaki.

Nimerudi nyumbani nimemkuta wifi amelala mezani juu ya kitabu. Nimemwamsha aende kitandani. Nilitaka kumwambia, nikasema kesho.

Jumatano, 24 Aprili

Asubuhi nimemweleza mkurugenzi yote, na waya pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Umewapata wangapi jana?"

"Karibu thelathini."

"Thelathini huo si utafiti, ni umbea. Nikienda wizarani na thelathini watanicheka. Niletee mia tatu."

"Na wakiamua kabla?"

"Bajeti bado. Wewe unataka kurekebisha kosa la haraka kwa haraka nyingine?"

Nilikubaliana naye. Ningekuwa mimi ndiye yeye ningesema vilevile, na hata jana nikipiga zile simu nilikuwa nimeshaanza kupanga sampuli. Tumekubaliana wahojaji warudi, zamu ya jioni, wiki tatu. Msimamizi nilipomwambia hakusema "nilikwambia." Ameuliza tu kama kutakuwa na chai.

Ijumaa, 3 Mei

Tunaendelea. Wanapokea. Wifi ana mtihani wa katikati ya muhula, simwambii kitu cha kumchanganya. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa.

Jumanne, 14 Mei

Mia tatu zimetimia, na majibu ni yale niliyoyajua tangu ile jioni ya kwanza. Wahitimu wa tawi wana kazi kwa kiwango sawa na wa kampasi kuu, na waliopanda daraja baada ya kuhitimu ni wengi zaidi. Ruzuku ile inalipa. Nimekaa siku nzima nikiandika upya, nikinyoosha majedwali, nikibadilisha rangi za michoro. Michoro. Mtu anazama, mimi nachagua rangi ya kamba.

Alhamisi, 16 Mei

Barua ya wizara imetangulia. Imeandikwa wiki iliyopita, imefika leo asubuhi, na ripoti mpya ilikuwa bado kwenye mashine ya kuchapia. "Kwa kuzingatia matokeo ya utafiti," masomo ya jioni tawini yanafungwa muhula huu ukiisha. Wanafunzi wanaoendelea watahamishiwa kampasi kuu, masomo ya mchana.

Mkurugenzi ameipeleka ripoti mpya mwenyewe, hilo namshukuru. Amerudi mvua ikimtiririka. Ameambiwa hesabu za mwaka zimeshafungwa, imepokelewa kwa shukrani, itatazamwa mwaka ujao wa fedha.

"Tungepeleka zile thelathini," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Tungepeleka," akasema.

Ijumaa, 17 Mei

Wifi amerudi kutoka darasani mapema. Tangazo limebandikwa tawini. Amekaa kwenye kochi na mkoba begani, hakuuvua.

"Wanasema twende mchana," akaniambia. "Mchana niko darasa la pili, watoto hamsini. Niwaachie nani?"

Nikainuka kumpakulia chakula.

"Kwenu huko si mnafanya mambo haya ya elimu? Hamkusikia kitu?"

Nikamwambia wizara ina washauri wengi. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na chakula nikala.

Jumapili, 19 Mei

Nimemwambia leo.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo, tumeanua nguo, tukawa tunazikunja kitandani kwake, nyingi bado zina unyevu. Mtoto alikuwa kwa jirani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, yakatoka bila mpango.

"Wifi, ule utafiti ni wangu."

Aliendelea kukunja. "Upi?"

"Ule uliofunga tawi. Niliusimamia mimi. Na ulikuwa na kosa, na kosa ni langu."

Nikamweleza. Hakuna mtu niliyewahi kumweleza jambo la kazi kwa maneno machache hivyo. Nilipofika kwenye saa za kupiga simu, aliweka shati chini.

"Mlikuwa mnawapigia walimu mchana."

"Ndiyo."

"Wewe."

"Mimi."

"Siku ile ya homa ya mtoto ulinisema mpaka nikalia chooni shuleni. Ulinisema kwa sababu sipatikani mchana." Hakupandisha sauti. "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Sasa wifi, ulikuwa unamtafuta nani?"

Nilimwambia niliogopa watu waseme nampendelea. Akanitazama kwa muda, si kwa hasira, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeleta jibu asilolitegemea.

"Sikukuomba upendeleo," akasema. "Ungenipigia tu saa kumi."

Akazichukua nguo zangu, zilizokuwa zimekunjwa vizuri, akanipa mikononi. Nikatoka nazo. Nimelia chumbani na nguo zile magotini, nikijua kwamba machozi yangu hayamfikishi yeye mwaka wa tatu.

Jumanne, 21 Mei

Ananisalimia, anajibu, ananiwekea chakula. Hakuna zaidi.

Jumatatu, 27 Mei

Kaka amekuja, na tumekaa watu wazima watatu sebuleni. Amempa wifi hesabu ya nyumba kwa upole. Akiacha kazi asome mchana, nafasi yake ya ualimu inakwenda, na hakuna anayejua kama atairudia. Nimesema nitalipa ada yote, nitabeba nyumba, mwaka mmoja si mrefu. Nilikuwa nimepania kweli.

"Shida si ada, shangazi yake," wifi akasema. Siku hizi ananiita hivyo, kupitia mtoto. "Nina darasa. Niliwaambia nitawafikisha la tatu."

Leo hii ameandika barua ya kuacha masomo. Kaka kabla ya kuondoka alinivuta pembeni ya nyumba. Nilitegemea anifokee. Ameniambia tu, "Wewe ndiye msomi wetu, tulikuwa tunajisifia kwako," akapanda gari. Afadhali angenifokea.

Jumatano, 29 Mei

Ni Jumatano na wifi yuko nyumbani. Ameshinda jioni akichora na mtoto. Sikujua zile Jumatatu na Jumatano na Ijumaa nilizokuwa nanung'unikia zilikuwa na uzito gani mpaka zilipoisha. Mlango wa kabati ni mweupe sasa, una alama za gundi tu. Nilikuwa nadhani anajichosha. Kumbe yeye ndiye alikuwa anasoma katika nyumba hii, mimi nina vyeti.

Jumatano, 5 Juni

Wizara imetupa mradi mpya: kuchunguza athari za kufungwa kwa tawi kwa wanafunzi waliokuwa wanaendelea. Mkurugenzi amefurahi, maana kituo kina kazi hadi mwisho wa mwaka. Nikamwambia sitaki. Akasema, "Nani mwingine anajua pa kukosea?" Hakuwa anatania, na nikaichukua kazi.

Nimetunga dodoso jipya. Simu zitapigwa jioni.

Jumatano, 12 Juni

Chuo kimeleta majina ya walioacha. La wifi limo. Ningeweza kulitoa, na nilikaa nikilitazama mpaka kioo cha kompyuta kikazima. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu na chai yake.

"Ni ndugu?" akauliza.

"Ni wifi yangu."

"Basi mwulize mwenyewe nyumbani, dada, sisi tumruke."

Nikamwambia hapana, kila mtu apigiwe sawa. Bado sijui kama hiyo ni haki au ni ugonjwa wangu uleule.

Jumanne, 18 Juni

Mvua imepungua. Vumbi bado.

Alhamisi, 20 Juni

Leo tumekula mapema. Wifi alikuwa anaosha vyombo, mimi nafuta, mtoto anahesabu vijiko na kukosea kwa makusudi ili tumcheke. Tulimcheka, wote wawili, kwa pamoja, na nikafikiri labda inaanza kupoa.

Simu ya wifi ikaita. Mikono yake ilikuwa na sabuni, akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikajaa jiko.

"Habari ya jioni. Napiga kutoka kituo cha utafiti, ni kuhusu masomo yako pale tawini. Una dakika tano?"

Niliitambua sauti, ni mhojaji wetu mdogo kuliko wote, binti mwenye adabu. Wifi hakunitazama.

"Ninazo," akasema. "Nipo nyumbani."

Akajibu. Umri, kazi, watoto, mwaka alioanza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na vyombo aliendelea kuosha. Nilikuwa nimeshika sahani moja muda wote huo, imekauka kitambo. Maswali nilikuwa nayajua kwa mpangilio na nilijua linalofuata.

"Kwa sasa unaendelea na masomo?"

"Hapana."

"Sababu kuu ya kuacha ni ipi? Nitakusomea uchague. Ada, umbali, ugonjwa, ndoa au uzazi, kazi, au nyingine."

Wifi akafuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, kidole kwa kidole. Akaichukua simu, akaniwekea mkononi.

"Hilo mwulize huyu hapa," akamwambia yule binti. "Atakueleza vizuri kuliko mimi."

Nikasema haloo. Nadhani binti alinitambua. Kisha akafanya kama nilivyomfundisha: asimsaidie mtu kujibu, asubiri.

"Nyingine," nikasema.

"Nyingine ipi, tafadhali? Inabidi niandike."

Mtoto alikuwa ameacha vijiko, ananiangalia. Nikamwambia yule binti aandike kwamba tawi lilifungwa kwa sababu ya utafiti uliokosewa. Aandike kwamba watafiti waliwapigia watu wenye kazi saa za kazi. Aandike kwamba watu hao waliporudisha simu, waya ulikuwa umechomolewa. Nilisema polepole ili awahi kuandika, na nilimsikia akiandika. Akaniuliza kama kuna la kuongeza. Nikasema aliyechomoa alikuwa na wifi pale tawini, na alikuwa anajua.

"Nimeandika," akasema, sauti imeshuka. Kisha akamalizia kwa sentensi iliyo chini ya dodoso, niliyoitunga mwenyewe mwanzoni mwa mwezi huu. "Asante kwa muda wako. Majibu yako yatawasaidia wengine."

Wifi akaichukua simu mkononi mwangu.

"Haya, dada," akamwambia. "Wasalimie hao wengine."

Akakata, akarudi kwenye vyombo. Vilikuwa vimebaki vikombe viwili.